Fumbo Katika Karatasi



Katika Yeremia 51:41 mji wa Babeli unaitwa pia Sheshaki. Hilo ni jina la fumbo: katika Kiebrania herufi ya kwanza hubadilishana nafasi na ya mwisho, ya pili na ile iliyo ya pili kutoka mwisho, na kadhalika.

Niliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, huku kwetu Njoro, fumbo la namna hiyo: A iwe Z, B iwe Y. Walifurahi sana. Msichana mmoja akanipa karatasi yenye herufi nne: MQZZ. Nikacheka, nikaitia ndani ya Biblia, nikaisahau. Jumapili iliyofuata hakuja. Ndipo nilipolifumbua: NJAA.

Ndugu zangu, niliona haya. Nilijua kutega, sikujua kutegua. Jioni ile ile mimi na mzee wa kanisa tulibisha hodi kwao, tumechukua unga na maharagwe.

Mtoto akikuambia, "Kitendawili!", usijibu tu, "Tega," kisha ukaenda zako. Keti ukitegue. Huenda ndani yake mna shida asiyothubutu kuitaja waziwazi.

Mungu atupe masikio. Amina.