Ukimya wa Pampu Si Ushahidi: Kupima Gari Linalogoma Kuwaka Kasulu na Kibondo

Gari la petroli linapogoma kuwaka ilhali stata inazungusha injini vizuri, neno la kwanza kusikika gereji ni "pampu imekufa." Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, hoja ya mada hii ni kwamba pampu ihukumiwe kwa kipimo, si kwa dalili, na hata ikithibitika kufa, kazi haijaisha mpaka kilichoiua kijulikane. Kwa mafundi wa Kasulu na Kibondo jambo hili ni zito. Spea ikikosekana Kasulu hufuatwa Kigoma mjini, karibu kilomita 100, au huagizwa mbali zaidi. Fundi akikosea, mwenye mchomoko (gari dogo la abiria) hulipa pampu asiyoihitaji, na siku zote hizo gari limelala bila kuingiza hata shilingi.

Dalili inayotupotosha zaidi ni ukimya. Fundi hufungua ufunguo, hutega sikio kwenye tangi, hasikii mvumo, basi anakata shauri. Lakini kwenye Toyota nyingi pampu haipewi umeme ufunguo unapofunguliwa tu. Hupewa stata inapopigwa, au kompyuta inapoona injini inazunguka. Kwa hiyo pampu nzima kabisa inaweza kunyamaza. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kikebe cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, ukiunganisha FP na +B kwa kipande cha waya, umeme unaikwepa rilei ya pampu na kwenda moja kwa moja. Pampu ikivuma hapo, haijafa. Mtafute mkosaji kwenye rilei au kwenye amri inayoiwasha.

Wapo watakaosema vipimo ni vya gereji kubwa za mijini. Hoja hiyo inaeleweka, ila kipimo muhimu kuliko vyote ni balbu ya taa ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili. Chomoa soketi ya pampu, ambayo kwenye magari mengi madogo iko chini ya kiti cha nyuma, unganisha balbu kwenye waya wa umeme na waya wa hasi, kisha mwenzako apige stata. Balbu ikiwaka kwa nguvu na pampu ikirudishiwa soketi isizunguke, hukumu imetimia. Ikiwaka kwa kufifia, waya umeoza au hasi haishiki vizuri. Isipowaka kabisa, rudi kwenye fyuzi, rilei na amri ya kompyuta. Balbu inaishinda mita kwa jambo moja: waya uliobakiwa na uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti mzigo, lakini hauwezi kuwasha balbu sawasawa. Kazi hii ifanyike kabla ya kufungua kifuniko cha tangi, maana cheche moja karibu na mvuke wa petroli ni moto.

Pampu inayovuma nayo isisamehewe haraka. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na IST nyingi, inahitaji presha ya psi 44 hadi 50. Ikipungua, chunguza chujio, kidhibiti presha na mpira wa ndani ya tangi kabla ya kuilaumu pampu. Presha ikiwa sawa, hamia kwenye plagi na nozeli.

Wengine watapinga kwa kusema kwamba pampu hufa hata zikiwa mpya. Ni kweli: mwaka 2020 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 5 duniani yarekebishwe kwa sababu ya feni ya plastiki ndani ya pampu iliyoweza kuvimba. Lakini hata hapo kasoro ilichunguzwa, ikatajwa kwa aina ya gari na miaka ya kutengenezwa. Huku kwetu wauaji wakubwa ni vumbi, maji na tangi tupu. Petroli ndiyo inayoipoza pampu na kuilainisha. Gari linalotembezwa kila siku taa ya mafuta ikiwaka linaichoma pampu yake taratibu. Vinasaba ambavyo EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, ilianza kuviweka kwenye mafuta mwaka 2010 vilikusudiwa kuzuia uchakachuaji. Haviwezi kuzuia maji na kutu vinavyoingia baadaye, petroli inapouzwa kwa dumu kando ya njia. Pampu mpya ikitumbukizwa kwenye tangi lile lile chafu, itafuata njia ya ile ya kwanza.

Mwisho ni hoja ya haraka: mteja anasubiri, kubadilisha ndiko kupima. Lakini kipimo cha balbu hakichukui hata nusu saa, na pampu ya mtumba inayofungwa kwa kubahatisha haijulikani imebakiza maisha kiasi gani. Naomba basi tukubaliane mambo mawili. Pampu isinunuliwe kabla balbu haijawashwa kwenye soketi yake. Na pampu mpya isifungwe kabla tangi halijaoshwa na chujio halijabadilishwa. Mteja aonyeshwe balbu ikiwaka, aone mwenyewe anacholipia.