Ndoto si Ushahidi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Isha)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika nyumba Yake hii, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad (s.a.w.), pamoja na watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Amma baad.

Mada tuliyopewa usiku huu inahusu ndoto: kwa nini mwanadamu huota, na je, yale anayoyaona usingizini yana maana gani? Huenda wengine wakaona kuwa hili ni jambo dogo la mazungumzo ya barazani. Sivyo, ndugu zangu. Mara nyingi baada ya sala ya Alfajiri waumini hutujia na ndoto zao. Huyu amemwota marehemu mama yake akitabasamu. Yule ameota meno yake yakidondoka. Mwingine amemwota jirani yake, au shemeji yake, au mama mkwe wake, amesimama mlangoni na kisu mkononi. Huyu wa tatu ndiye anayetutia wasiwasi, kwani mara nyingi haji kuuliza maana ya ndoto; huja akiwa amekwishahukumu. Salamu zimekatika, watoto wamekatazwa kwenda kucheza kwa jirani, na pengine safari ya kwenda kwa mganga imekwishapangwa.

Na sote tunajua njia hiyo inakoishia. Nchini mwetu Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, hali kosa la baadhi yao lilikuwa ni macho mekundu yaliyopigwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi. Dhana iliyozaliwa usingizini huongeza kuni katika moto kama huo. Basi ni wajibu wetu kujua ndoto ni kitu gani, na mpaka wake uko wapi.

USINGIZI NA NDOTO

Kurani Tukufu katika Sura Ar-Rum inautaja usingizi wetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Nayo Sura Az-Zumar inaeleza kwamba Yeye ndiye anayezichukua nafsi wakati wa mauti yake, na zile ambazo hazijafa huzichukua usingizini, kisha huzirudisha mpaka ufike muda wake uliowekwa. Kwa hiyo Mwislamu hana sababu ya kuiogopa elimu inayouchunguza usingizi. Mwenye kuitazama ishara ya Mola wake kwa makini hupata sababu zaidi ya kumtukuza.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, walitangaza kuwa usiku kuna vipindi ambavyo macho ya mtu aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husimulia ndoto. Leo inajulikana kuwa usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kuwa vipindi hivyo huchukua karibu robo ya usingizi wa mtu mzima, vikirefuka kadiri Alfajiri inavyokaribia. Wakati huo ubongo hufanya kazi kwa nguvu, hali misuli ya mwili imelegezwa ili mtu asije akayatenda yale anayoyaota. Tazameni rehema hiyo!

Ama kuhusu sababu yenyewe ya kuota, wataalamu hawajaafikiana. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alishikilia kuwa ndoto ni matamanio yaliyofichika moyoni. Mwaka 1977, Allan Hobson na Robert McCarley wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kuwa ubongo uliolala hujaribu kuyaunganisha mambo yanayochomoza ndani yake wenyewe bila mpango, na matokeo yake ndiyo ndoto. Wengine wanaihusisha ndoto na kazi ya ubongo ya kuzipanga kumbukumbu za mchana. Lakini jambo moja halina ubishi: homa, huzuni, hofu, na hata dawa, huzigeuza ndoto za mtu. Dawa ya efavirenzi, waliyoitumia kwa miaka mingi ndugu zetu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inajulikana kuwa huweza kuleta ndoto nzito na za kutisha. Basi mtu aliyeota vibaya kwa sababu ya kidonge alichomeza kabla ya kulala, je, atamtafuta mchawi mtaani?

MAFUNGU MATATU

Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikwishatufundisha, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, kuwa ndoto ni za mafungu matatu: ndoto njema ambayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ndoto itokanayo na yale ambayo mtu huisemeza nafsi yake. Tulizingatie sana fungu hili la tatu. Mwenye deni humwota anayemdai. Mwanafunzi huuota mtihani. Na aliyegombana na jirani yake jioni, si ajabu akamwota usiku amebeba kisu. Ndoto ya namna hiyo hutueleza hali ya moyo wa mwotaji. Juu ya jirani haituelezi lolote.

Wala hatuzikatai ndoto za kweli. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa wahyi ulimwanzia Mtume (s.a.w.) kwa ndoto njema zilizotimia waziwazi. Na imepokewa pia kuwa ndoto njema ya mwenye kuamini ni sehemu moja katika sehemu 46 za unabii. Sura Yusuf huanza kwa ndoto na kumalizikia katika kutimia kwake. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Wakuu wake walisema ni ndoto zilizovurugika. Lakini Nabii Yusuf (a.s.), akiwa bado gerezani, aliwaeleza walime miaka saba mfululizo, wayaache mavuno katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwani itafuata miaka saba ya shida.

Ndugu zangu, angalieni tafsiri hiyo ilivyokuwa. Haikumtaja mchawi wala haikumtafuta wa kulaumiwa. Iliwatia watu jembe mkononi na nafaka ghalani. Na njaa ilipofika, hata wale ndugu waliomtupa Yusuf kisimani walikula kutoka katika ghala hilo hilo. Hiki ndicho kipimo tunachokitafuta: ndoto itokayo kwa Mwenyezi Mungu humzidishia mtu kazi ya kheri, subira na shukrani. Ndoto inayomsukuma mtu kumdhulumu mwenzake, hata iwe wazi namna gani, haiwezi kuwa bishara.

Huenda mtu akauliza: je, Nabii Ibrahim (a.s.) hakuota kuwa anamchinja mwanawe? Ndiyo, na habari yake imo katika Sura As-Saffat. Lakini Ibrahim alikuwa nabii, na ndoto ya nabii ni wahyi. Hata hivyo alimweleza kijana mwenyewe na kumtaka rai yake, na mwishowe ni Mwenyezi Mungu aliyeuzuia mkono wake na kutoa mnyama wa kuchinjwa badala yake. Hakuna mtu leo awezaye kudai daraja hiyo.

MIPAKA YA NDOTO

Mpaka wa kwanza ni kwamba ujuzi wetu wa kufasiri ni mdogo. Mwaka wa 6 Hijria, yaani 628, Mtume (s.a.w.) alikuwa ameoneshwa katika ndoto kuwa Waislamu wanaingia Msikiti Mtukufu wa Makka kwa amani. Wakatoka pamoja naye, nao wakazuiliwa Hudaibiya. Sayyidna Umar (r.a.) alipouliza juu ya ahadi hiyo, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama alikuwa amemwambia kuwa ni mwaka ule. Waliingia mwaka uliofuata. Na siku nyingine Sayyidna Abu Bakr (r.a.) aliomba ruhusa ya kufasiri ndoto ya mtu mbele ya Mtume, naye akaambiwa kuwa amepatia baadhi na amekosea baadhi. Ikiwa Abu Bakr alikosea baadhi, tusemeje juu ya vile vitabu vya tafsiri za ndoto vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, ambaye alifariki Basra mwaka 110 Hijria, hali watafiti wengi wanaona kuwa vilikusanywa muda mrefu baada yake?

Mpaka wa pili ni kwamba ndoto haitungi sheria. Sahaba Abdullah bin Zaid (r.a.) aliota maneno ya adhana. Hakukimbilia kuyatangaza mtaani, bali aliyapeleka kwa Mtume (s.a.w.), na ni Mtume aliyeyathibitisha na kuagiza Bilal (r.a.) afundishwe. Leo dini imekwishakamilika. Lakini bado inazunguka ile barua ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, kwamba ameota Kiyama kimekaribia na kila mwenye kuipata aisambaze. Mwaka 1908, mara tu baada ya vita vya Maji Maji, barua ya namna hiyo ilienea Lindi na kwingineko pwani, ikawatia watu hofu na kuwafanya watawala wa Kijerumani wahofie maasi mapya. Baadaye ikaja kwa fotokopi, na siku hizi inakuja kwa WhatsApp. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na barua bado inatisha watu kwa ndoto ile ile!

Mpaka wa tatu, na ndio mkubwa, ni kwamba ndoto si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Wengi wetu tumepata kukabwa na jinamizi: mtu huamka, macho yanaona, lakini hawezi kujitikisa wala kupiga kelele, na kifua ni kizito kama kimekaliwa. Waganga husema ametumiwa kitu. Elimu inaeleza kuwa akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka katika ule ulegevu tulioutaja, na kwamba hali hiyo hupita baada ya muda mfupi. Mwaka 1995, hofu ya kitu kilichoitwa Popobawa ilianza Pemba ikaenea Unguja. Miongoni mwa waliosimulia, wapo waliosema kuwa walikandamizwa usiku wakashindwa kujitikisa, na watafiti kadhaa wamelinganisha habari hizo na jinamizi. Watu walilala nje makundi kwa makundi, wakikesha. Na katika hofu hiyo, mjini Zanzibar, umati ulimpiga mpaka kumuua mtu mwenye maradhi ya akili aliyekuwa amekuja kutafuta matibabu. Huyo ndiye aliyelipa gharama ya hofu ya usiku. Damu yake haikuwa ndoto.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura Bani Israil tusiyafuate tusiyo na elimu nayo, na katika Sura Al-Hujurat ametuamuru tujiepushe na dhana nyingi. Hakimu wa Kiislamu hamhukumu mtu kwa ndoto, hata iwe ya mcha Mungu. Vipi basi sisi tuwahukumu mama zetu na jirani zetu?

TUFANYE NINI?

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni mepesi. Aliyeota jema amshukuru Mwenyezi Mungu, na asimsimulie ila ampendaye; Nabii Yakub (a.s.) alimkataza Yusuf kuwasimulia ndugu zake akihofia husuda. Aliyeota baya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani, ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ageukie ubavu mwingine, na akiweza ainuke asali. Wala asimsimulie mtu, kwani haitamdhuru. Mtu mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa ameota kichwa chake kimekatwa naye anakikimbilia, Mtume akamkataza kuwasimulia watu jinsi shetani anavyomchezea usingizini. Na mwenye kutunga ndoto ambayo hakuiota, ameonywa kuwa Siku ya Kiyama atatakiwa azifunge pamoja punje mbili za shayiri, naye hataweza.

Nasi tunaongeza nasaha tatu. Ndoto za kutisha zikikurudia kila usiku, nenda hospitali, hasa kama umepatwa na msiba, una homa au umeanza dawa mpya. Na dawa usiiache bila ya kumwuliza daktari. Ukisali istikhara, usingoje ndoto, kwani Hadithi yake haikutaja ndoto. Omba, taka ushauri, kisha tenda. Na ukimwota jirani yako kwa ubaya, asubuhi uwe wa kwanza kumsalimia na umpelekee japo sahani ya uji. Kama ugomvi ulikuwa moyoni mwako, salamu itauponya. Na kama ndoto ilitoka kwa shetani, hakuna kitakachomuudhi zaidi ya hicho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wa amani, atuoneshe yenye kheri, atulinde na dhana mbaya, na azilinde nyumba za wazee wetu na mikono ya wanaohukumu kwa giza. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.