Shule Ina Wenyewe: Hotuba kwa Wazazi na Wakristu Siku ya Yubilei





Nimeombwa niseme juu ya shule zetu, na namna ya kuzitunza pasipo kupoteza mali. Siku ya yubilei twahesabu ubatizo na ndoa. Ni haki tuhesabu pia madawati, maji na kuni.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule za misioni. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na makanisa, nayo yakarudishiwa kazi ya kuziongoza. Tangu hapo shule ni ya Serikali, msimamizi ni Kanisa, na watoto ni wetu. Hatari yake twaijua: kila mmoja humngoja mwenziwe, na bati linalovuja huendelea kuvuja.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali hayalipiwi tena. Watoto wamekuja wengi. Tena vita vya Djugu, vilivyowaka upya mwishoni mwa mwaka 2017, vimeleta hapa Bunia jamaa nyingi zilizokimbia makwao. Kwa hiyo kuweka akiba si uchoyo. Ni kumpatia nafasi mtoto aliyefika wa mwisho.

Tuanze na maji. Mvua ya milimeta 1 juu ya bati la meta mraba 1 hutoa lita 1. Basi paa la meta mraba 60, likipata mvua ya milimeta 20, hutoa lita 1,200. Hata tukipoteza lita 200, twajaza bidoni 50 za lita 20. Hapa fundi wa parokia afunge mfereji, mzazi alete pipa lenye kifuniko, mwalimu aangalie maji ya kwanza yaoshayo paa yamwagwe nje.

Tena takataka. Majani na maganda ya ndizi yaoze shimoni, yawe mbolea ya bustani ya shule. Mifuko ya plastiki ilikatazwa kwa amri ya Serikali ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini bado twaiona mitaroni. Tusiichome karibu na madarasa, kwa maana moshi wake hudhuru vifua vya watoto. Afadhali tupatane na akina mama wanaouza maandazi langoni, wayafunge kwa majani, na mtoto aje na kikombe chake.

Na miti. Mkaratusi ukikatwa vizuri huchipuka tena. Mistari michache kando ya uwanja yaweza kutoa nguzo na mbao za kutengeneza madawati. Mwaka ule ule wa 1977 Mama Wangari Maathai alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini kule Kenya. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobeli ya amani. Walianza na vitalu vidogo.

Lakini, wapendwa, nawaonya mambo mawili. La kwanza: msaada huu usigeuke minervali iliyofichwa. Asiye na kitu alete mikono yake, na mtoto wake asifukuzwe kamwe. La pili: watoto wasifanywe watumishi wa kuchota maji na kulima mashamba ya wakubwa saa za masomo. Wazee wanakumbuka Salongo ya siku za Mobutu. Kazi ya pamoja ni njema, lakini ikifanywa kwa kuogopa chifu, huisha chifu akipita. Ya kwetu iwe mapatano.

Bwana wetu alipowashibisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe, yakajaza vikapu 12. Aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yapotee. Je, sisi tusioweza kuzidisha?

Basi naomba: kabla ya mvua zijazo, direkta, komite ya wazazi na wakubwa wa jumuiya waketi pamoja, waandike nani atafanya nini, na hesabu isomwe mbele ya wazazi wote. Shule ina wenyewe. Wenyewe ni sisi.