Krismasi Moshi, Marejesho Januari

Msikilizaji, Desemba ikifika, Stendi ya Magufuli pale Mbezi hufurika familia zinazokwenda Moshi na Rombo. Je, mwenye mkopo abaki Dar? Si lazima. Watoto wanahitaji kuwaona bibi na babu zao, na deni la SACCOS lenye ratiba halimzuii mtu kusafiri. Kinachoumiza ni kukopa ili usafiri. Chukua shilingi 300,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: Januari, mwezi wa ada na sare, unadaiwa 360,000. Ukishindwa, wakopeshaji wanakuja kubeba televisheni.

Kwa hiyo lipa kwanza rejesho la Desemba, ndipo ukate tiketi. Kata mapema, tena kwa nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Wapiga debe wa tarehe 23 hawana huruma. Treni ya Moshi, iliyorejea Desemba 2019, nayo iulizie: haina haraka, lakini mfuko unapumua. Mkifika, mbuzi wa sikukuu changieni ndugu wote. Na shemeji akiagiza kreti ya pili ya bia kwa jina lako, mwambie wazi kwamba una rejesho tarehe 5 Januari. Atanuna kidogo, kisha atakunywa mbege.