MBWA NAYE HUSIKIA JOTO NA BARIDI

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Tumemaliza habari ya mbuzi na kuku. Sasa tuongee juu ya mbwa. Chekeni tu, lakini hao kuku usiku hulindwa na nani? Someni Mithali 12:10 mkifika nyumbani.

Mbwa hatoi jasho kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Ukimfunga mnyororo juani saa sita bila maji, hata kuhema hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni kama digrii 38 hadi 39. Likipita 41 anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ninyi wa Kitui na Makueni mnajua jua la Februari. Kibanda cha mabati matupu wakati huo ni jiko! Mfunge chini ya mti, na mkumbuke kivuli husogea: cha asubuhi si cha alasiri. Karai la maji lizikwe kidogo ardhini asilimwage.

Ukimwona anayumbayumba, mate yanamtoka, anatapika, mpeleke kivulini. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mtafute daktari wa mifugo. Usimlazimishe kunywa.

Kwa wale wa Kinangop na Limuru shida ni Julai. Mbwa mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, na akiwa amekonda ni mbaya zaidi. Watoto wa mbwa wa wiki mbili za kwanza hawawezi kujipasha joto wenyewe. Mama yao akilala kwenye udongo wenye maji, wanakufa mmoja mmoja, halafu jirani anasingiziwa uchawi. Hapana, ni baridi.

Kibanda kiwe kidogo, kinachomtosha kugeuka tu, ili joto la mwili wake libaki ndani. Sakafu iinuliwe kwa mbao, mlango uangalie kule upepo hautoki. Tandika nyasi kavu nyingi. Gunia likilowa hukaa na maji, kwa hivyo lianikeni. Mwongezeeni ugali kidogo pia. Jiko la makaa msiweke ndani kamwe, hewa yake inaua.

Na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mleteni asubuhi kabla jua halijapanda, kwa kamba, si ndani ya gunia.