Hadithi za Kwetu Zichapishwe



Mwaka wa 1982 Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni ya Lake Publishers hapa Kisumu. Wachapishaji wakubwa walikuwa Nairobi, na waliegemea vitabu vya shule kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Mama Odaga, mwandishi mwenyewe, alichapisha pia vitabu vya Dholuo. Tuseme ukweli, hiyo si biashara ya kumtajirisha mtu.

Alifariki mwaka wa 2014. Tangu ugatuzi, maktaba ni jukumu la kaunti, lakini hatuwezi kuweka kwenye rafu kitabu ambacho hakijachapishwa. Wazee wenye hadithi wangalipo, ingawa wanapungua. Ikiwa nyumbani kuna daftari la nyanya lililoandikwa kwa lugha ya mama, lileteni maktabani tulisome pamoja.