Jina Letu Lilivyopotea
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kiomboi)



Nimetakiwa nieleze kwa nini tovuti ya chama chetu haionekani tena. Nitaeleza, na kosa nitalikiri, maana ni langu.

Kila kompyuta iliyo katika intaneti hufikiwa kwa namba, iitwayo anwani ya IP. Namba za aina ya zamani zina mafungu manne, kila fungu kati ya 0 na 255. Zote pamoja hazifiki bilioni 4.3, ndiyo sababu zimetungwa nyingine ndefu zaidi.

Lakini nani atakariri namba? Mnakumbuka, mzazi aliyekuja posta na barua hakujua namba ya sanduku letu. Alitaja jina la shule, karani akaandika namba. Intaneti nayo ina makarani. Simu yako ikitafuta jina linaloishia na .tz, huulizwa kwanza mitambo ya juu kabisa. Hiyo haiijui namba, ila hujua daftari la .tz liko wapi. Daftari nalo huelekeza kwa mtambo unaotunza jina letu, na huo ndio hutoa namba. Daftari la .tz lilianza mwaka 1995. Mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kulisimamia.

Sasa kosa. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda. Mimi, mweka hazina wenu, nililiandikisha kwa jina langu na barua pepe yangu. Nilipobadili barua pepe, ilani za malipo zikaenda nisikozisoma. Muda ukaisha, mtu mwingine akalichukua. Picha zetu, na orodha ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, hazikufutwa. Zimo katika kompyuta ile ile, kwa namba ile ile. Nyumba ipo, ila kibao cha njiani sasa kinaelekeza kwa mwingine.

Naomba mkutano uamue: jina jipya liandikishwe chini ya .or.tz kwa jina la chama, watunzaji wawe wawili, na ada itolewe katika michango yetu kabla muda haujaisha. Ada ya mwaka wa kwanza nitaitoa mfukoni mwangu. Mkimpa mwingine kazi hii, sitanung'unika.